Singe Iliyochimba Kaburi

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku tuliyoezua nyasi za nyumba ya bibi yangu kule Nyambureti ili tuweke bati. Nilikuwa msichana, shule nimeimaliza juzijuzi tu. Kwenye fito za paa tukakuta kitu kirefu kimeviringishwa kwa ngozi ya ng'ombe. Ndani mlikuwa na bunduki nzito ya kitako cha mbao, pamoja na singe yake, kile kisu cha kuchomeka mdomoni mwa bunduki.

Wiki hiyo wezi walikuwa wametuswagia ng'ombe. Marwa, baba yangu mdogo, akaikumbatia ile bunduki. "Babu alipigana nayo," akasema. "Na mimi nitawafuata nayo."

Baba hakutaka. Akamwita jirani yetu, askari mstaafu. Yule mzee akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta mpaka alama ya taji ikajitokeza kwenye chuma.

"Ya jeshi la Mwingereza," akasema. "Ya vita ile ya kwanza, ya kupigana na Mjerumani. Ilifikaje hapa, hilo sijui."

Basi wanaume wakaanza kubishana. Bibi alikuwa papo hapo anapepeta ulezi, wala hakuna aliyemtazama. Nikachutama karibu naye.

"Bibi, wewe unaijua?"

Akaweka ungo chini, na wanaume nao wakageuka kusikiliza. "Naijua. Baba mkwe wangu alinieleza alipokuwa mgonjwa, nikimwosha miguu. Hakuwa askari. Alikamatwa kubeba mizigo ya jeshi. Njiani kijana mmoja askari akaugua tumbo, wenzake wakamwacha. Baba mkwe akatupa mzigo, akambeba yeye. Hata lugha hawakuelewana. Kijana alipokufa, akamchimbia kaburi kwa singe hiyo. Iangalieni ncha yake ilivyopinda. Bunduki akaitunza, akisema labda siku moja ndugu wa yule kijana watakuja kuuliza amelala wapi. Hawakuja."

Kisha akamgeukia mwanawe Marwa. "Mura, kijana wangu, mikononi mwetu hii haijaua mtu. Usianze wewe."

Baba mdogo akailaza bunduki chini taratibu, akaketi kando ya mama yake, akalia kama mtoto. Bibi akampapasa kichwa.

Kesho yake baba mdogo na baba waliipeleka polisi. Ng'ombe hatukuwaona tena. Lakini baba mdogo alioa, akazeeka, na wajukuu zake ndio hao unaocheza nao.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta kitu cha wazee wako, usikimbilie kujigamba nacho wala kukitumia. Mtafute aliyeishi nacho, hasa yule ambaye watu wamezoea kumpita bila kumsemesha. Kaa chini umuulize, angali ana pumzi ya kukujibu.

Mungu akupe masikio yenye subira. Na wewe ukizeeka, akujalie mtoto wa kukusogelea na kukuuliza.