Tajiri wa Mstari wa Mbele

Nyumba yetu ya Miembeni, mjini Bukoba, ilinukia buni mbichi zilizochemshwa pamoja na majani ya porini. Ilikuwa enzi ya Waingereza, na baba yangu alikuwa mnunuzi wa kahawa mwenye lori lake mwenyewe. Kwetu Wahaya mgeni hupewa emwani, yaani buni hizo zikishakaushwa, akatafuna. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, aliwagawia watu kwa mkono wake kutoka kikapu kidogo, hata wachukuzi wa magunia. Kisha bei ya kahawa ikaanguka ghala lake likiwa limejaa. Lori likachukuliwa, nasi tukarudi Muleba kwenye kibanja cha babu, katikati ya migomba. Kikapu tulikwenda nacho, wageni hawakutufuata.

Mwishoni mwa mwaka ule wanafunzi wakubwa wa shule yetu walicheza igizo la tajiri wa kahawa aliyeinuka kisha akaporomoka. Jina hawakulitaja, na hapakuwa na haja. Petro, aliyeigiza huyo tajiri, alitembea amejipinda nyuma kidogo, mikono mgongoni, akikohoa kabla ya kusema, kama Tata. Mimi nilikaa sakafuni na wasichana wenzangu nikitamani ardhi inimeze, kwa sababu Tata mwenyewe alikuwa amekuja. Alikaa benchi la mbele, alikozoea kukaribishwa zamani, ingawa safari hii hakuna aliyemwelekeza huko. Petro akapiga magoti, akalililia lori lake, na wenzake wakamwitikia kwa pamoja: aliye juu, mngoje chini. Watu wakacheka. Jirani yangu akaninong'oneza, “Baba yako analia vizuri.”

Tata akainuka. Kicheko kikakatika. Alimwendea Petro, akatoa mfukoni emwani zilizofungwa kwenye jani kavu la mgomba, akampa kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni.

“Kijana, mwendo wangu umeupata,” alisema. “Ila pale pa kulia umekosea. Mimi sikulia.”

Watu walicheka tena, safari hii pamoja naye, na wazee wawili wakasogea kumpisha akae kati yao. Lakini siku lori lilipochukuliwa nilikuwa nimemkuta kwenye migomba michache nyuma ya nyumba yetu ya mjini, paji la uso ameliegemeza kwenye mgomba, mabega yakimtetemeka. Aliniona, naye alijua nimemwona. Sasa, akirudi kuketi, alinitazama.

“Kweli hakulia?” jirani yangu akauliza.

“Hakulia,” nikasema, uso ukiniwaka.

Siku hizi wajukuu wangu hutazama kwenye televisheni michezo ya matajiri wanaoinuka na kuanguka. Tajiri akipiga magoti wao hucheka hadi machozi, wala siwalaumu: hawamjui tajiri huyo, na binti yake haketi nasi sebuleni kuwasikia. Mimi huenda jikoni mpaka sehemu hiyo ipite. Juzi mdogo wao alinifuata huko, akaniuliza kama ni kweli baba yangu naye aliwahi kufilisika. Nikamwambia ni kweli.

“Alilia hivyohivyo?”

“Hakulia,” nikamjibu, nikageukia jiko asinione uso.