Goti Lililovimba Kila Jumatatu

Mwaka 1995 pikipiki za Ifakara zilikuwa za kuhesabu, na asubuhi ya mji ule ilikuwa ya baiskeli. Kengele zake zilipoanza kusikika kwa wingi barabarani, Balbina alikuwa amekwisha kufungua madirisha ya chumba cha fiziotherapia, amepangusa vumbi la pumba lililopeperushwa na mashine ya kukoboa mpunga ya jirani, na amekunja shuka pembe kwa pembe. Kisha alisimama karibu na kitanda cha mazoezi, mikono nyuma, akisubiri msimamizi wake.

Alikuwa katika majaribio ya miezi mitatu. Alizaliwa Mofu, katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Alikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka minne kabla ya kupelekwa kwenye mafunzo ya mwaka mmoja ya wasaidizi wa fiziotherapia. Zahanati ya kwao ilikuwa ikisubiri mtu wa kuwanyoosha viungo wazee waliopooza na watoto wenye miguu dhaifu. Akifaulu tathmini, mtu huyo angekuwa yeye. Asipofaulu, angerudi wodini kubeba mabeseni. Mama yake hakuwa na shaka hata kidogo. Alikwisha kukandika upya chumba cha mwanawe na kutandika mkeka mpya wa ukindu.

Aliyemtathmini alikuwa Bwana Kassian, Mpogoro mrefu kutoka Mahenge, mtaalamu pekee wa kazi hiyo pale hospitalini. Hakuwatathmini wasaidizi wake kwa maswali ya karatasini. Alivua viatu, akapanda kitandani mwenyewe, na kulala chali.

"Mimi ni mzee wa miaka sabini," alisema siku ya kwanza. "Upande wangu wa kulia haufanyi kazi. Niketishe."

Kisha akaulegeza mwili wake wote, kilo themanini na zaidi. Balbina alimshika mkono na kuvuta.

"Umening'oa bega," akasema Bwana Kassian, macho kafumba. "Mzee mwenyewe angekuambia ahsante, kwa sababu ana adabu. Mimi sikushukuru. Rudia."

Alirudia mara kumi na moja. Miaka mingi baadaye, mikono yake ilikuwa bado inakumbuka mahali pa kushika: nyuma ya bega, chini ya goti, kamwe si mkononi. Pembeni, Alfonsi, seremala aliyechonga magongo ya wagonjwa, aliacha kupiga randa ili aangalie.

"Mzee, ukifa hapo kitandani nani atatuandikia ripoti?"

"Wewe utachonga jeneza, Balbina ataandika," akajibu Bwana Kassian bila kufumbua macho. "Yeye ana mwandiko."

Ni kweli alikuwa na mwandiko. Kila kipimo alikiandika siku ileile, saa ileile, kwa herufi zilizosimama wima. Ndiyo maana lilipotokea jambo la goti la Kabula, lilionekana wazi katika daftari lake mwenyewe.

Kabula alikuwa mke wa mfugaji wa Kisukuma. Ukoo wao ulikuwa umehamia bondeni na ng'ombe miaka michache tu iliyopita. Gurudumu la mkokoteni lilimpanda mguu, likauvunja chini kidogo ya goti. Plasta ilipoondolewa, Bwana Kassian aliandika mpango: goti lisikunjwe kupita nyuzi sitini, mguu usibebeshwe uzito, atembee kwa magongo. Balbina ndiye aliyekabidhiwa kuutekeleza, na Kabula ndiye mgonjwa ambaye tathmini ya Balbina ingemtegemea zaidi.

Jumamosi goti lilikuwa jembamba na baridi. Jumatatu lilikuwa limevimba kama papai. Wiki iliyofuata, hali ikawa ileile.

Bwana Kassian alilishika goti, akalitazama, kisha akaitazama mikono ya Balbina.

"Jumamosi ulilikunja nyuzi ngapi?"

"Hamsini na tano, Bwana."

"Na Kabula anasemaje?"

"Anasema ni salama tu," akajibu Balbina.

"Ni salama tu, Daktari," akaitikia Kabula, akitabasamu huku jasho likimtoka juu ya mdomo.

Bwana Kassian alichukua fomu ya tathmini. Katika mstari wa namna msaidizi anavyomshika mgonjwa, aliandika kwa penseli, taratibu: *mkono mzito?* Aliiweka fomu mahali Balbina alipoweza kuisoma. Hakuwa mtu wa kuandika jambo kwa siri.

"Jumatatu ya tatu ikiwa hivi," alisema, "alama ya kuuliza nitaifuta, maneno yatabaki."

Alfonsi naye hakumwacha. "Dada, hilo ni goti, si mpunga. Wewe unatwanga au unanyoosha?"

Usiku Balbina alijipima mikono kwenye goti lake mwenyewe, akitafuta kosa, na hakuliona.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, hakurudi nyumbani. Alikwenda wodini, akaketi kando ya kitanda cha mgonjwa mwingine aliyetoka Mofu, ili aone goti linapatwa na nini kati ya Jumamosi na Jumatatu. Saa za kuwaona wagonjwa zilipofika, aliingia mzee mwenye fimbo na mgolole mweusi uliofungwa begani, akifuatwa na wanawe. Alikuwa baba mkwe wa Kabula. Alikuwa hajafika hata katikati ya wodi, na Kabula amekwisha kushuka kitandani. Aliweka magongo chini, akashikilia chuma cha kitanda, na magoti yote mawili yakagusa sakafu ya saruji.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia mzee, akimwita mama. Uso wake ulikunjuka kwa furaha. Wanawe wakafuata mmoja mmoja kusalimiwa, na muda wote huo Kabula alikuwa palepale chini.

Wageni walipoondoka, Balbina alimsaidia kupanda kitandani. Kabula alimshika kitambaa cha gauni.

"Dada yangu, usiseme. Wakisikia nimekatazwa, watasema hospitali imenifundisha kiburi. Mimi ni mke wa kuolewa pale. Mguu utapona, jina halitapona."

Balbina alilelewa katika nyumba ambako aibu ya mtu mzima haikubebwa nje. Alimwahidi.

Jumatatu goti lilivimba. Bwana Kassian alilitazama kwa muda mrefu. Kisha alichukua kifutio, akaiondoa alama ya kuuliza.

Jumanne Bwana Kassian alipunguza mazoezi. Jumatano aliyasimamisha kabisa, akidhani kwamba yanamwumiza mgonjwa, na goti la Kabula, ambalo sasa halikukunjwa vya kutosha siku za kazi na lilikunjwa kupita kiasi Jumapili, likaanza kukakamaa. Balbina alipima: nyuzi arobaini na tano. Alikaa na daftari mapajani. Tarakimu ile aliiandika yeye, na kati ya wahudumu wote ni yeye peke yake aliyejua sababu yake. Ndipo alipoelewa kwamba ahadi yake ilikuwa inalipwa na mguu usio wake.

Alhamisi asubuhi alimwambia Kabula kwanza. "Dada, nimekuja kukuambia kwamba nakwenda kusema." Kabula aligeukia ukutani. Halafu Balbina akaenda kwa Bwana Kassian na kueleza yote, wima, mikono nyuma.

Bwana Kassian alisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo, Bwana."

"Na wewe ungefanya nini?"

"Mpango ni wako, Bwana, siwezi kuubadili. Lakini sisi tunamfundisha kutembea, na yeye anataka kupiga goti. Tusipomfundisha, atajifundisha."

Bwana Kassian alitoa sauti fulani puani, ambayo kwa waliomfahamu ilikuwa karibu na kicheko.

Jumapili walimpokea mzee mlangoni wakiwa wawili. Bwana Kassian, aliyekuwa mkubwa kwa cheo lakini mdogo kwa umri, alimwamkia shikamoo, kisha akampa Balbina nafasi ya kueleza. Alieleza polepole, kwa heshima, bila kumtaja Kabula kama mtu aliyelalamika. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Kumbe," alisema hatimaye. "Mimi nimewatangazia watu wote nyumbani kwamba amepona. Niliona anapiga goti vizuri. Nilitaka niwaulize mnamweka hapa kwa nini, mnampendea nini."

"Hajapona, Baba."

"Basi anisalimie akiwa amelala. Watu wa ofisi ya kata wananisalimia wamekaa, na hawajavunjika popote."

Kabula alicheka hadi akajifunika kanga usoni. Kuanzia wiki ile, Jumatatu goti lilikuwa kama lilivyoachwa Jumamosi. Muda wake ulipofika, Bwana Kassian aliongeza mstari katika mpango: kupiga goti moja, la mguu mzima, mkono ukiwa juu ya kigoda. Kigoda alikichonga Alfonsi.

Siku ya mwisho ya mwezi wa tatu, Bwana Kassian alimwita Balbina na kumwekea fomu, sasa imejazwa kwa wino. Alimtaka asome kila mstari kwa sauti. Kumshika mgonjwa: vizuri sana. Vipimo na kumbukumbu: vizuri sana. Kufuata mpango: vizuri sana. Akafika kwenye mstari wa kutoa taarifa kwa msimamizi, na sauti yake ikapungua.

"Soma," akasema Bwana Kassian.

"Alichelewa siku nne. Aongezewe miezi mitatu."

"Mofu utakuwa peke yako. Nitajua tu yale utakayoniandikia. Wagonjwa watakuambia ni salama, kwa sababu wana adabu. Wewe ukiniambia ni salama kwa sababu una adabu, nani atakuwa anasema kweli kule?"

Balbina alifikiria mkeka uliotandikwa, na barua ambayo angelazimika kumwandikia mama. Alitia sahihi, kwa herufi zilizosimama wima.

Hata hivyo, katika maisha yake yote ya kazi, na kule Mofu alikuja kufanya kazi miaka mingi, ni miezi ile mitatu ya nyongeza aliyoikumbuka kwa hamu kuliko mingine. Mvua zilikuwa zimeanza. Barabara zilinukia udongo, na wagonjwa walikuja na matope hadi magotini. Kila jioni, kabla ya kufunga madirisha, alisimama mbele ya meza ya Bwana Kassian na kumweleza yaliyokwenda vibaya siku ile. Mwanzoni yalimtoka kwa shida, kama mwiba. Baadaye yakawa maongezi, na Alfonsi akawa anazima taa yake ya karakana mapema ili aje kusikiliza.