Ukingo Nilioufyeka

Nakumbuka asubuhi moja kule Rapsu, kwenye mashamba ya maji ya mfereji, mwanangu, nimesimama katikati ya matikiti yangu nataka kulia. Sijui kama nitaieleza vizuri, shule niliiacha darasa la nne, lakini nitajaribu.

Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu. Shamba lile ndilo lililokuwa la kwanza kwangu. Likikataa, naenda kuchunga mifugo ya watu. Kamati ya maji ilituambia tusafishe mfereji. Nisiwasingizie: walisema ndani ya mfereji. Ni mimi niliyetaka sifa, nikafyeka mpaka ukingoni, nikang'oa maua ya manjano na ya bluu yanayoota penye unyevu. Niliona magugu tu. Basi matikiti yakachanua vizuri, lakini vitunda vikifika ukubwa wa ndimu vinageuka njano na kuanguka.

Akko Dhaki, bibi mzee wa shamba la jirani (akko kwetu ni nyanya), akaja kuangalia.

"Guyo, umenyoa huu ukingo kama kichwa cha mtoto wa siku saba! Nyuki wakuje kwako kufanya nini?"

"Si wakuje kwa matikiti, Akko?"

"Matikiti yanachanua wiki chache. Hizo siku zingine walikuwa wanakula hapa. Sasa wale nini, panga lako?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akainama, akachuma ua dume, akalisugua ndani ya ua jike lenye kitunda chini yake, ule unga wa manjano ubaki humo, maana bila huo kitunda kinaanguka.

"Leo nyuki ni sisi," akasema, "na mimi mgongo unauma. Fanya haraka."

Alikuja asubuhi nyingi, na kazi yake mwenyewe ikimngoja. Tulivuna kidogo, kiasi cha kutosha kunibakisha shambani. Mvua ilipofika akaniruhusu nichimbe miche ya maua yale ukingoni mwake, nikapanda kwangu. Msimu uliofuata matikiti yalishika. Siwezi kuapa ni maua pekee, maji pia yalikuwa mengi. Lakini nyuki niliwaona kwa macho yangu.

Basi, mwanangu, kabla hujang'oa kitu, kaa nacho asubuhi moja uone nani anakuja kula hapo. Mfereji usafishe, maji ya wenzako yapite. Ukingo uachie maua ya hapa hapa, na usiyakate kabla hayajamwaga mbegu. Na mzee akikucheka, usikasirike haraka; ngoja kwanza uone kama atainama afanye kazi na wewe. Mungu akupe maji, akupe na jirani wa namna hiyo. Amin.