Siku Niliyochinja Dume Langu Mwenyewe

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu niliyejitengeneza. Niliondoka kijijini kwetu, nje kidogo ya Nduguti, nikiwa na nguo mbili ndani ya mfuko wa salfeti. Nikarudi na stashahada ya manunuzi na ugavi, mashine ya kukamua alizeti, na gari lenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Magari yenye kiyoyozi hapa kwetu yapo kadhaa. Lenye kiyoyozi kinachofanya kazi ni langu. Stashahada niliisomea jioni, baada ya kubeba magunia kutwa nzima kwenye maghala ya Dodoma, na hakuna mjomba aliyeninunulia hata kalamu. Nimeiwekea kioo na fremu, inaning'inia sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona.

Mtu wa namna hiyo akirudi kwao, kinachobaki ni uongozi. Nikaamua kugombea uenyekiti wa kijiji.

Nilipiga hesabu zangu kitaalamu. Kijiji chetu ni nusu Waislamu, nusu Wakristo, na wengine wengi ni nusu wenyewe kwa wenyewe. Mama yangu ni Mwislamu, na mimi nimebeba majina ya Kiislamu matatu yanayofuatana. Baba zangu wadogo wote wako kanisani. Kwa hiyo Waislamu wangenipa kura kwa sababu ya jina, Wakristo kwa sababu ya damu, na waliobaki kwa sababu ya mashine ya alizeti. Sikuona kura ingetokea wapi ya kumfaa mtu mwingine.

Siku chache kabla ya fomu kufungwa, nikaandaa hafla. Sikuiita ya uchaguzi, maana sheria naijua. Niliiita shukrani ya kurudi salama, ingawa nilikuwa nimerudi tangu miaka miwili iliyopita. Nikanunua dume la ng'ombe jeusi, mchele wa kutosha, turubai la kukodi na viti vya plastiki. Hotuba nikaiandika kurasa mbili.

Usiku wa kuamkia hafla sikuwa na wasiwasi wowote. Asubuhi, mama yangu alinikuta uani nanoa kisu.

"Umemwambia fundi?" akaniuliza.

"Fundi gani, mama?"

"Wa kuchinja."

Hapa nimweleze huyo fundi. Ni fundi baiskeli, kibanda chake kipo njiani unapoingia sokoni, na tulisoma darasa moja. Mimi nilifaulu, yeye hakufaulu. Lakini hapa kwetu yeye ndiye mchinjaji. Arusi ikiwa ya Waislamu, anachinja yeye. Arusi ikiwa ya kanisani, anachinja yeye, halafu anakaa na wachungaji anakula. Bucha zote mbili haziuzi nyama ambayo hakuipitia. Wageni wa wilayani wakija, anaitwa yeye kabla hajaitwa mpishi. Hakuna barua iliyomteua na hakuna mshahara, isipokuwa shingo ya mnyama, ambayo hupelekewa nyumbani kwake ikiwa imefungwa kwenye mfuko. Sababu ni nyepesi: Mkristo wa hapa hula kilichochinjwa na Mwislamu, na Mwislamu hula kilichochinjwa na Mwislamu mwenzake. Basi Mwislamu akichinja, kijiji kizima kinakaa sinia moja. Nimesoma utawala kwa mihula miwili na sijaona mpango wa umoja uliofanya kazi vizuri kama huo, wala uliosimamiwa na mtu mwenye elimu ndogo kiasi hicho.

Hilo ndilo lililonikera. Nilitaka watu waone kwamba najitosheleza kwa kila kitu. Isitoshe, tangu nirudi fundi alikuwa na tabia ya kuniita Msomi kwa sauti kila nikipita, na neno hilo kinywani mwake lilikuwa kama jina la ugonjwa.

"Mama," nikasema, "kwani mimi si Mwislamu?"

Mama alinitazama. Akatazama kisu, akanitazama tena.

"Wewe ni mwanangu," akasema, akaingia jikoni.

Nikachinja. Vijana wangu wawili wa mashineni walimlaza dume na kumshika, nikamwelekeza kibla, nikataja jina la Mungu kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia, nikapitisha kisu mara moja. Naweza kusema bila kujisifu kwamba ilikuwa kazi safi. Shingo ikaenda chunguni pamoja na nyama nyingine.

Saa saba mchana watu walikuwa wamejaa chini ya turubai. Pilau likanukia mpaka barabarani, masinia yakaletwa, maji ya kunawa yakapita. Watu wakanawa, halafu wakakaa, mikono yenye majimaji juu ya magoti, wakiangalia nyama kama watu wanaosubiri ifunguliwe.

Kwanza nilidhani wanasubiri hotuba yangu. Nikaianza. Nilipofika ukurasa wa pili nikagundua kwamba hakuna anayenisikiliza. Watu walikuwa wananong'ona.

Nikamfuata kiongozi wa kwaya, mama mmoja wa makamo ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Kwaya. Nilimchagua kwa sababu ni Mkristo, na ni rafiki wa shangazi zangu. Alikuwa amekaa karibu na mzee mwenye kofia ya viua, ile ya kuvalia msikitini, ambaye mwanawe wa kiume amemwoa binti wa Mama Kwaya.

"Shikamoo mama. Mbona hamli? Chakula kinapoa."

"Marahaba mwanangu. Tumepita pale sokoni tukamkuta fundi anaziba pancha."

"Sasa?"

"Sasa kama fundi yuko pale, huyu ng'ombe kachinjwa na nani? Tena asubuhi kengele hatukuisikia."

Kengele ni ya baiskeli yake. Siku ya shughuli yeye hupita alfajiri akiipiga, kisu kimefungwa kwenye kipande cha gunia nyuma ya kiti, na hivyo ndivyo watu hujua leo kuna kula. Nilikuwa nimesahau hilo katika hesabu zangu.

"Nimechinja mwenyewe," nikasema, nikijinyoosha.

Yule mzee wa kofia akageuka.

"Wewe?"

"Mimi, mzee. Mimi ni Mwislamu."

"Sikatai," akasema kwa upole. "Ila msikitini sijawahi kukuona."

"Mama," nikamgeukia Mama Kwaya, "wewe basi kula. Wewe huna tatizo."

"Mimi hata ungechinja kwa shoka ningekula," akasema. "Asubuhi sikunywa hata chai, niliacha nafasi. Lakini mzazi mwenzangu amekaa hapa na mikono magotini. Nitatafunaje yeye ananitazama? Kesho nitamwangaliaje binti yangu?"

Nikatazama turubai zima, nikaona mpangilio wa jambo. Waislamu hawali kwa sababu hawana uhakika. Wakristo hawali kwa sababu Waislamu hawali. Vijana wangu wa mashineni, ambao mmoja wao hana dini inayojulikana, nao hawali kwa sababu hakuna anayekula. Kura zangu zote zilikuwa zimekaa hapo, zimenawa mikono.

Sasa nikafanya jambo ambalo wakati ule lilionekana kwangu la busara. Niliingia sebuleni, nikaitungua stashahada, nikatoka nayo, nikampa mzee wa kofia.

"Soma jina, mzee. Majina matatu, yote ya Kiislamu. Chuo chenyewe kimeyapiga muhuri."

Mzee akavaa miwani. Akasoma taratibu, kidole juu ya kioo.

"Hiki chuo kilikufundisha kuchinja?"

"Manunuzi na ugavi, mzee."

"Haya. Ng'ombe umemnunua vizuri, tumeona. Na nyama umeigawa vizuri, kila sinia limejaa." Akanirudishia fremu. "Sisi tunauliza pale katikati."

Watu walicheka. Nilicheka pia, maana mgombea hana njia nyingine. Halafu nikapanda gari.

Fundi alikuwa amechutama kibandani, tairi mapajani, bomba la gundi mdomoni. Alinisikia nikisimama lakini hakuinua kichwa.

"Msomi. Pancha?"

"Hapana."

"Basi umekosea njia. Mimi naziba pancha tu."

"Watu hawali, fundi."

"Wameshiba?"

"Wana njaa."

"Pilau limeungua?"

"Fundi, usinifanyie hivyo."

Akatoa gundi mdomoni. "Nikufanyie nini? Mimi sikualikwa, nimekaa kazini. Nimewaona watu wanapita na nguo za sikukuu tangu saa tano, nikasema leo kwa Msomi kuna semina."

Nikasema neno ambalo sikuwa nimelisema tangu nirudi. Nilisema, "Samahani." Nilichagua kulisema kwa sauti ya chini, lakini mwenye duka la jirani alilisikia, na mpaka leo ananikumbusha.

Fundi akakandamiza kiraka kwa kidole gumba, akahesabu kimoyomoyo mpaka kiliposhika.

"Ulitaja jina la Mungu?"

"Nilitaja."

"Kwa kichwa, au ulikuwa umeandika?"

"Fundi!"

"Kibla ulielekeza wapi?"

"Upande wa ghala langu la alizeti. Kaskazini."

"Ghala limekaa vizuri," akasema. Akanawa grisi kwa sabuni ya unga, polepole, hadi kwenye viwiko, na mimi nimesimama. Nikamfungulia mlango wa gari. Akaangalia kiti, akaangalia suruali yake, akatikisa kichwa na kuvuta baiskeli yake.

Hivyo ndivyo tulivyorudi. Yeye mbele, anapiga kengele njia nzima utadhani alfajiri ndiyo inaanza, na mimi nyuma yake kwa mwendo wa baiskeli, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinafanya kazi. Watu waliokuwa wamebaki majumbani waliisikia, wakatoka na kutufuata.

Chini ya turubai hakutoa hotuba. Aliwaita vijana wangu wawili kando, akawauliza mmoja mmoja walichokiona na walichokisikia. Akarudi, akanawa tena, akakaa kati ya Mama Kwaya na mzee wa kofia. Akakata kipande cha nyama, akataja jina la Mungu, akala. Akatafuna mpaka mwisho, watu wote wakimtazama koo.

"Hii ni halali tangu asubuhi," akasema. "Kachinja sawasawa. Nyama haina tatizo. Ni mchinjaji ndiye hamjamzoea."

Nimewahi kuona treni ikipita Manyoni usiku bila kusimama. Ndivyo lile pilau lilivyoondoka.

Nilikuwa naanza kupumua. Niliona kura zangu zinakula, tena zinaongeza. Fundi akiwa na mfupa mkononi, akamgeukia Mama Kwaya.

"Eti hukunywa chai, na bado ukakaa na njaa mbele ya pilau?"

"Ningefanyaje, na mzazi mwenzangu yuko hapa?"

"Fomu ya mwenyekiti inafungwa lini?" fundi akauliza watu wote. Nilidhani anatania. Mzee wa kofia hakutania, kesho yake alimpeleka Mama Kwaya ofisini kuchukua fomu, akamsubiri nje mpaka akatoka nayo.

Kura nilizopata sitazitaja. Waislamu walimpa Mama Kwaya kwa sababu alikaa na njaa kwa ajili yao, Wakristo walimpa kwa sababu ni wao, na ninao ushahidi kwamba mama yangu mzazi alifanya hivyohivyo, maana hakunificha. Mimi ninaamini hadi leo kwamba kwa sifa za kitaaluma nilikuwa mbele. Kwenye karatasi hakuna aliyenikaribia.

Wiki moja baadaye fundi alikuja mashineni. Nilijiandaa kuchekwa.

"Msomi, kamati ya msikiti haina katibu. Hakuna anayeweza kuandika kumbukumbu zikaeleweka. Wewe una ile karatasi."

Nilimwambia nitaangalia ratiba yangu. Ratiba ilikuwa tupu. Kikao hufanyika Ijumaa, mara tu baada ya swala, mlemle msikitini, na haiwezekani mtu kufika kwenye kikao bila kukutwa na swala. Nadhani fundi alilijua hilo. Basi nikawa katibu. Kumbukumbu zangu zina vichwa vya habari, zina namba za aya, na nina hakika hakuna msikiti katika wilaya yetu yote wenye kumbukumbu kama hizo. Ijumaa ya kwanza watu waligeuka kunitazama. Ijumaa ya nne walisogea kunipa nafasi. Kisha wakaacha kunitazama kabisa, na mtu niliyezoea kutazamwa nilishangaa kwamba sikuumia.

Msimu wa kuvuna alizeti, asubuhi moja, nikiwa nakagua magunia, mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani kwangu kwa miguu. Chini ya kwapa alikuwa na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani.

"Hodi mwanangu."

"Karibu mwenyekiti. Shikamoo."

"Marahaba. Mzazi mwenzangu anakuja kula kwangu mchana. Fundi kaenda Singida mjini kufuata spea." Akaninyooshea jogoo. "Nichinjie."

Nilimtazama usoni kama kuna utani. Hakukuwa na utani, kulikuwa na haraka ya mtu ambaye maji yake yameshachemka.

"Mzee akiuliza kachinja nani?"

"Nitamwambia kachinja katibu. Fanya basi, nina kikao cha maji saa nne."

Nikaingia ndani kuchukua kisu, nikapita sebuleni mbele ya stashahada bila kuigusa. Nikamshika jogoo, nikamwelekeza upande wa ghala, nikataja jina la Mungu, safari hii kwa sauti ya kawaida. Mwenyekiti akamsubiri atulie, akamfunga kwenye kanga, akaondoka bila kuniuliza chochote.

Saa nane mchana mjukuu wake wa kike alikuja na bakuli lililofunikwa sahani. Ndani kulikuwa na mchuzi, ugali kidogo, na shingo.