Nilivyoingia kwa Wazee wa Wakesho Bila Hodi

Jambo hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu Salim ameshalizungusha mtaa mzima, na akilisimulia yeye mimi natoka mwehu. Basi ndiyo, ni mimi, Rukia wa Shella, ninayewafunza watoto wa watu adabu chuoni, niliyewakimbiza wauza kabeji wa Kitaita mchana kweupe.

Chanzo ni posa. Salim, mtoto wa marehemu kaka yangu niliyemlea mimi, alimpenda Wakesho, muuguzi aliyetoka milima ya Taita kuja kufanya kazi Malindi (mambo ya dini walikwisha kuyamaliza wenyewe), na kwetu kabla wanaume hawajapeleka posa mwanamke hutangulia kutia neno. Wakesho alituonya kwamba mwenye kauli kwao ni nyanya yake, na nyanya hakutaka kusikia habari za watu wa pwani, alisema tunajua kuongea tu. Salim akaniambia, "Shangazi, ukikosea neno moja, mimi sina mke." Nikamwambia atulie, adabu ndiyo kazi yangu.

Sasa mimi nimezaliwa pahala ambapo mlima mrefu kabisa ni ngazi ya nyumba ya ghorofa. Gari la kukodi lilipoanza kupanda kuelekea Wundanyi kwao Wakesho, kona baada ya kona, upande huu jabali na upande wa pili hakuna kitu, nikachungulia chini nikaona mapaa ya nyumba za watu (mapaa, tena chini yangu), nikasoma kila dua niliyoijua na nyingine nikazichanganya. Kwenye kona sijui ya ngapi nikasema nishusheni, nitamalizia kwa miguu. Salim akanisihi weee, mwishowe akasema nyumba ni hapo juu, nikishapita soko, nifuate barabara tu. Nami nikaiona barabara inapita ukingoni mno, nikachagua kijia kilichojibana kwenye mwamba. Kosa lenyewe ndilo hilo.

Hazikupita dakika kumi ukungu ukashuka. Ukungu nilikuwa nausikia tu, sikujua kwamba mtu anaweza kunyoosha mkono asiuone. Mvua nayo ikaanza, baridi ikaniingia mpaka kwenye meno, na nilipomwita Salim sauti yangu ikanirudia kutoka upande nisioutarajia. Niliogopa, wallahi niliogopa. Nikapapasa mwamba, nikakuta uwazi chini ya jabali, nikajitosa ndani na kapu langu la halua na udi, nikageuka kutafuta pa kukaa, nikaona nyuso zinanitazama. Hazikuwa nyuso. Yalikuwa mafuvu ya vichwa vya watu, yamepangwa safu kama vikombe kabatini, na yote yananielekea mimi.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nakimbia na kiatu kimoja, kapu nimeliacha, buibui linapepea, ninja imenifunika uso, napiga ukelele mmoja usiokwisha, hadi nikachomoka kwenye ukungu nikatokea sokoni. Hebu jifanyeni nyinyi ndio wale kina mama wa kabeji: kitu cheusi, hakina uso, kinalia, na kinatoka upande wa pango la wazee wao. Walikimbia. Na mimi kuona watu wanakimbia nikadhani wameona kinachonifuata nyuma, nikaongeza mbio nikawafuata, wao wakizidi nami nazidi, viazi vinabingirika njia nzima, mpaka sote tukaingia ua mmoja, wao wakajifungia ndani na mimi nikabaki mlangoni naugonga kwa ngumi zote mbili.

Aliyefungua ni bibi kizee ana jembe mkononi. Nyuma yake amesimama Salim na kikombe cha chai, na pembeni yake Wakesho. Ndipo nilipojua kwamba nimefika ukweni.

Hakuna aliyecheka. Nilipoeleza nilikotoka, Salim akainamisha kichwa, na mimi nikajua mke ameshamkosa na aliyemkosesha ni mimi. Nyanya akaniambia, kwa upole ulionitisha zaidi, kwamba wale ni babu zao, wametunzwa pale tangu zamani, na hapana mtu anayekwenda bila kupelekwa. Kisha akaniuliza:

"Ulipiga hodi?"

Mimi, ninayewarudisha watoto nje kila siku nikiwaambia hodi tatu, usipojibiwa rudi ulikotoka. Nikasema sikupiga.

"Basi twende ukapige."

Tulikwenda wawili tu, yeye amenishika mkono, ukungu haujaondoka. Mbele ya lile jabali nikapiga hodi ya kwanza, nikapiga ya pili, na kabla ya ya tatu nikatambua kwamba naogopa wasinijibu, na naogopa zaidi wakinijibu. Nikapiga.

"Karibu," ikasema sauti nyuma ya sikio langu, nami nikajikuta nimekaa matopeni.

Kumbe ni nyanya, ameitika kwa niaba ya wazee wake. Nikawaamkia shikamooni, nimekaa vilevile, machozi yananitoka, nikawaomba radhi, na kwa kuwa sikujua kama nitapata nafasi nyingine, nikamwombea Salim mke kwao papo hapo. Nyanya akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia, akaliokota kapu langu, akaipangusa maji ile halua.

"Watu wa pwani mnaongea sana," akasema. "Lakini leo umeongea huku unaogopa. Nimekuamini."

Harusi ilifanyika, alhamdulillahi. Nyanya alipokuja Shella alisimama mlangoni pangu akapiga hodi tatu kwa sauti ya kusikika hadi msikitini, na nilipomvuta mkono akagoma, hakuingia mpaka nilipoitika mbele ya majirani wote. Nami tangu siku ile siingii pahala bila hodi, hata jikoni mwangu mwenyewe, na kila nikipiga nasimama kidogo, naomba asiitike mtu.