Anayeligonga Daraja Kila Asubuhi

Kila asubuhi jirani yetu huvuka daraja letu la mbao, akigonga kila nguzo kwa kiganja, taratibu, kama anayeamsha mtoto. Jimbo letu zima la Vermont, huku Marekani, hakuna anayelipenda kama yeye. Lakini kwenye mkutano wa mji, watu wazima walipopigia kura hela za ukarabati ambazo mbunge wetu alituchomekea kwenye bajeti ya taifa, bibi huyo aliacha kufuma soksi, akasimama.

“Watu wa Arizona, jimbo la mbali huko, watulipie daraja letu kwa kodi zao? Aibu!”

“Bibi we, litaanguka mtoni!” akafoka Bwana Thibault, mkazi mwenzetu.

“Najua.” Mkono wa kupinga aliunyoosha, peke yake. Akashindwa. Mafundi walipokuja walimkuta keshafika, na ndoo yake mwenyewe ya rangi.

“Shika brashi, we mtoto,” aliniambia. “Arizona wasitulipie hadi rangi.”