Mama Hortense na Jiwe la Mwisho la Mumewe

Saa moja asubuhi, Hortense Quillard analimwagia jiwe maji, analinyunyizia mchanga, kisha analisugua kwa jiwe jingine. Tabasamu la mcheza dansi aliyechorwa juu yake linageuka tope la kijivu.

"Kwaheri, bibie," anasema. "Ulitamba sana mitaani."

Mwaka huu wa 1897 Paris imevaa mabango kila ukuta, na watu wazima wanayabandua kwa siri wakapambe nyumba zao. Wachoraji wanasifiwa. Hakuna anayemtaja mama huyu wa miaka hamsini na miwili ambaye, kwa faranga tatu kwa siku, katika kiwanda cha uchapaji, hufuta picha ya jana kwenye mawe yanayochapia mabango ili ya kesho ipate pa kukaa. Gazeti hili linamtaja.

Kazi yenyewe haitaki mzaha. Ukisugua kivivu, mafuta ya wino wa mchoro wa zamani hubaki jiweni na picha iliyofutwa hujitokeza juu ya mpya. Kwenye tangazo la sabuni la mwenzake mmoja, mtoto mchanga alitoka na masharubu. Kiwanda kizima kilicheka, isipokuwa mwenye sabuni.

Kwa miaka kumi na tisa, jiwe la Hortense halijarudisha picha hata mara moja.

Ndiyo maana leo ni siku nzito. Tangu majira ya baridi amekuwa akilirudisha nyuma ya mengine jiwe moja lenye bango la baiskeli. Aliyelichora ni marehemu mumewe, Anselme, fundi aliyenakili jiweni kazi za wachoraji wakubwa, na jina lake halikuandikwa popote. Ndilo jiwe lake la mwisho. Sasa msimamizi, Bwana Gosselin, analitaka.

"Mama Hortense, mawe yamekwisha. Nimpe mwingine alisugue?"

"Thubutu! Mume wangu asuguliwe na nani?"

"Si bango unalo nyumbani, mama?"

"Lile ni karatasi. Mkono wake ulipita hapa."

Anasugua saa mbili huku akilia waziwazi. Halafu anasita. Ukingoni kuna alama ya dole gumba. Jiwe hunasa hata mafuta ya ngozi, na Anselme ndiye aliyekuwa akiwagombeza wenzake wasiliguse.

"Mjuaji wewe!" anacheka. "Leo nimekukamata!"

Gosselin anainama, anapima kwa rula. "Karatasi haifiki hapo, haitachapika," anasema. "Iache."

Hortense hana mpango wa kupumzika karibuni.

"Jiwe hili litachorwa mara nyingi bado," anasema. "Kila likirudi, nitalisugua mimi. Nitaishia hapa."

Anaonyesha kwa kidole ukingo wa ile alama, bila kuigusa.